Kabla Hujaihukumu Kebo, Tumia Tundu la G

Wiki hii fundi mmoja kijana wa Njiro, Arusha, ameniandikia kwamba insulesheni ya kebo ya pampu, yaani plastiki inayozuia umeme usivuje, inasoma megaomu 2 tu, namba ndogo inayoashiria uvujaji, na mwenye nyumba ameshaambiwa anunue nyingine. Ujumbe huo umenitonesha kidonda, kwa kuwa kosa hilo hilo nililifanya mimi katika shamba moja la kahawa Kibosho, asubuhi ya masika, ukungu ukiwa bado umelala juu ya migomba.

Nilipiga mega, kipimo cha insulesheni, kwa volti 1,000 kati ya waya mmoja na nyaya za chuma zinazoizunguka kebo, nikasoma 2, nikatamka kwamba kebo imekufa. Mwenye shamba alinunua mita 80 mpya na kuchimbua mtaro upya. Baadaye fundi mzee aliitazama ncha ya kebo ya zamani, ambayo vumbi jekundu lilikuwa limeshikana na umande. Hakuipangusa. Alivingirisha waya mtupu wa shaba juu ya plastiki ya waya ule, katikati ya shaba na chuma, akauunganisha na tundu la G (guard) la mega, akapima tena, na mshale ukapita 600.

“Mwanangu,” akaniambia, “ulipima matope.”

Niliona aibu ambayo hadi leo haijaniisha. Mkondo unaotambaa juu ya uchafu ulikuwa unaungana na ule unaopenya insulesheni, na mega haiwezi kuitofautisha: megaomu 600 zikikaa sambamba na 2, utasoma 1.99. Tundu la G huuchota ule wa juu na kuurudisha kwenye chanzo bila kupita kwenye kipimo.

Ndugu zangu mafundi, mteja hana mega, ana neno lako tu, kwa hiyo usilitoe kwa pupa. G si ethi, usiviunganishe pamoja. Ncha ya mbali nayo ikiwa chafu, ivingirishe vilevile, na kama kebo ina waya wa ziada, utumie kuufikisha mzingo huo kwenye G. Ukimaliza, iache kebo ijitue chaji kupitia ethi kwa angalau mara nne ya muda uliopimia.

Wewe wa Njiro, rudi kesho umeme ukiwa umekatwa, upime tena kabla mwenye nyumba hajafika dukani.