London hawapigi hodi: nilivyopata watu wangu baada ya upweke wa karibu miaka miwili

Jumamosi iliyopita nimemaliza mbio yangu ya 50 ya parkrun, zile za kilomita 5 za kila Jumamosi, pale Burgess Park, kusini mwa London. Dakika 31 na sekunde kadhaa. Si mwendo wa kujisifia, ila najisifu. Ukifikisha 50 unaruhusiwa kuvaa ile fulana nyekundu, na nimeshaiagiza kwa hela yangu mwenyewe. Msinicheke mkiniona naivaa hadi sokoni.

Jioni yake ukaingia ujumbe wa binti mmoja, Mtanzania mwenzetu, amekuja kusoma shahada ya pili. Ameanza na shikamoo, nikajua nimezeeka. Halafu akaandika hivi: "Kaka, nina miezi minne hapa. Wiki nzima sauti pekee iliyonisemesha ni ya ile mashine ya kujilipia dukani, nayo ilikuwa inanilalamikia. Nyie marafiki mnawapataje?"

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Ile mashine naijua. Na mimi nimewahi kuijibu.

Sote tulikuja na ndoto ile ile, tusidanganyane. Picha pale darajani (lile la minara miwili linaitwa Tower Bridge, jamani, London Bridge ni jirani yake, la kawaida tu), wikendi za kutoka, marafiki wa kila taifa, na nyumbani waone. Picha nilipiga siku ya tatu. Marafiki walichukua muda mrefu zaidi, na nitawaeleza kwa nini.

Nilifika Septemba 2022, wiki ile ya msiba wa Malkia Elizabeth. Foleni ya kwenda kumuaga kule Westminster ilifuata Mto Thames hadi Southwark Park. Mimi sikupanga, nilipita tu kushangaa. Nikaona watu wasiojuana wanagawana biskuti, wanashikiana nafasi mwenzao akienda msalani, wanapiga soga kama wako kijiweni. Nikasema kumbe watu wa huku wanasingiziwa! Nikampigia mama kabisa, nikamwambia Waingereza ni wachangamfu. Malkia akazikwa Jumatatu. Jumanne nikapanda basi namba 12, nikamsalimia kijana niliyekaa naye. Akachomoa hedifoni sikio moja, akaniangalia kama nimemwomba figo, akairudisha.

Mambo ya chuo naruka, mnayajua. Nije kwenye Krismasi.

Familia moja ya Kitanzania kule Barking ilinialika pilau. Nikavaa shati langu la kitenge, nikabeba juisi mbili, saa tano asubuhi nikawa kituoni Peckham nasubiri basi. Dakika kumi. Ishirini. Arobaini. Barabara tupu, na baridi ilianza kunitafuta kwenye vifundo. Akapita mzee na mbwa wake, akanionea huruma: leo hakuna mabasi, mwanangu. Hakuna mabasi, hakuna Tube ya chini ya ardhi, hakuna treni. Tarehe 25 Desemba jiji lote hili, watu karibu milioni 9, linafungwa kama duka la Mangi aliyekwenda Moshi. Teksi za kwenye simu zilikuwepo, ila bei niliyoiona ilinifanya nirudishe simu mfukoni kwa adabu. Nikarudi chumbani na juisi zangu. Kabla ya saa kumi jioni jua lilishazama. Nikapiga nyumbani, na kwa kuwa wako mbele kwa saa tatu wakati wa baridi, wao walishamaliza kula na kuosha vyombo. Mama akauliza, "Pilau lilikuwa zuri?" Nikamjibu lilikuwa zuri.

Hiyo naihesabu kama ujinga wa mgeni. Inayoniuma bado ni ya juisi ya machungwa.

Mwaka uliofuata nilipata kazi ofisini. Alhamisi ndiyo siku yao ya kwenda pabu. Nikaalikwa, nikajiona nimefika. Mmoja akaniuliza nakunywa nini, nikasema juisi ya machungwa. Ikaja. Nilipomaliza, mwingine akauliza. Ikaja. Ya tatu, ya nne. Moyoni nikasema hawa ndio watu. Mnajua kwetu: mtu akikupa ofa unashukuru, unatulia, siku ukiwa nazo na wewe utatoa. Kwenye saa tatu usiku nikaaga kwa tabasamu, nikaenda zangu.

Tulikuwa watu watano mezani. Raundi nne zilishanunuliwa. Wa tano nilikuwa mimi.

Kumbe kule kila mtu hununua raundi ya meza nzima kwa zamu, usiku ule ule, na zamu yako ikikaribia si wakati wa kukumbuka basi. Hakuna aliyeniambia. Hilo ndilo baya zaidi, hakuna aliyeniambia! Niliendelea hivyo Alhamisi kama tatu. Nikaja kusikia kwenye sherehe ya kufunga mwaka, pale mmoja wao aliposema mbele ya watu kwamba mimi nina kipaji cha kutoweka. Wakacheka. Mimi nikacheka kuliko wote. Mpaka leo nikikumbuka masikio yanapata moto. Tangu siku ile nikiingia pabu na watu nanunua raundi ya kwanza, hata kama mfukoni nimebaki na nauli tu.

Halafu likaja nanasi.

Kuna mwenzangu wa ofisini, mtu mpole, alizoea kuniambia "lazima uje nyumbani siku moja." Nilihesabu, alisema mara tatu. Kwetu ukiambiwa mara tatu halafu usiende, umewadharau. Basi Jumapili moja nikaenda Rye Lane, nikachagua nanasi kubwa kwa kulinusa matako, nikapanda treni hadi kwake, nikabonyeza kengele. Akafungua mlango nusu. Ana soksi miguuni na kijiko mkononi, nyuma yake televisheni inasema. Akaniangalia mimi, akaangalia nanasi, akaniangalia tena.

"Kuna tatizo?"

Nikamwambia hakuna, nimekuja kukusalimia tu.

Akalipokea nanasi kwa mikono miwili, namna mwanaume anavyopokea mtoto mchanga wa mwenzake. Akasema asante sana, tutaonana kesho. Mlango ukafungwa taratibu, kwa heshima zote. Nikabaki kwenye zile ngazi nasikiliza televisheni yao.

Wiki ile sikula chakula cha mchana na mtu. Nilijifungia. Ijumaa usiku nilikuwa nalala na simu kifuani, naongea na wenzangu wa Sinza mpaka wao wanasinzia, maana saa nne yangu ya usiku kwao ni saa saba. Niliishi hivyo miezi kadhaa. Mwili Peckham, roho kwenye magrupu ya Dar. Ukiniuliza leo nani alikuwa ameposwa Sinza mwanzoni mwa 2024 nitakutajia, lakini jirani wa mlango wa pili sikulijua hata jina lake.

Sasa msikie. Mwezi mmoja baadaye yule yule bwana wa kijiko akaja mezani kwangu, akatoa simu, akafungua kalenda. "Una nafasi Alhamisi ya tarehe 18, mwezi ujao?" Nikacheka, nikajua ananipiga chenga. Mwezi ujao! Nani anamwalika mtu chakula kama miadi ya daktari wa meno? Lakini aliandika. Na siku ilipofika nilikuta meza imetandikwa, yeye na mkewe wamepika tangu jana yake, wamekumbuka hata kwamba sinywi pombe. Tulikaa hadi saa tano usiku. Sijawahi kupokelewa vile katika nchi hii.

Hapo kichwa kikafunguka. Kumbe pale mlangoni hakunifukuza. Alishtuka tu, kwa sababu kwao mtu anayebonyeza kengele bila taarifa kaleta msiba. Maneno yale ya "uje siku moja" yalikuwa salamu, kama sisi tunavyomwambia mpita njia "karibu chakula" huku tunaomba Mungu asikae. Mwaliko wao wa kweli una tarehe. Kwa hiyo binti, mtu akikuambia tuonane siku moja, usikae kusubiri. Taja siku. Akitoa kalenda, umepata mtu. Asipotoa, hujapoteza nanasi.

Mke wake ndiye aliyenipeleka Burgess Park. Alisema tu pale mezani kwamba Jumamosi hukimbia parkrun. Nikauliza ni shilingi ngapi, akacheka, bure. Ilianza mwaka 2004 Bushy Park, upande wa magharibi huko, watu 13 wakikimbia. Leo iko kwenye bustani nyingi sana za nchi hii, kila Jumamosi saa tatu asubuhi. Unajisajili mara moja kwenye mtandao, unapewa msimbo wako wa mistari (barcode), ukifika mwisho wanakupa kibao kidogo cha plastiki chenye namba, unakwenda kusomewa kwa mashine pamoja na msimbo, basi. Hakuna kocha wala kipimo cha kuingia. Kuna watu wanatembea mwanzo mwisho.

Siku ya kwanza nilidhani nitakufa kwenye kilomita ya pili. Burgess Park ni tambarare, lakini tambarare haimsaidii mtu aliyekula chipsi miaka miwili. Nilisimama karibu na lile daraja lao la ajabu, daraja zima la zamani ambalo chini yake hakuna maji, nyasi tupu. Zamani palikuwa na mfereji wa meli, wakaufukia, daraja wakaliacha. Nilishika magoti hapo, nikajiona mimi na daraja tuko hali moja.

Kwenye meza ya mwisho kulikuwa na mzee wa Kijamaika na kile kimashine cha kusoma misimbo. Akanisomea, akasema, "Wiki ijayo." Si swali. Nikarudi wiki iliyofuata kwa aibu tu. Wiki ya tatu akaniuliza natoka wapi. Ya tano akanijua kwa jina. Ya nane tukanywa chai baada ya mbio, akanisimulia jinsi mama yake alivyofika huku. Treni yetu ya Peckham Rye tangu 2024 inaitwa Windrush, jina la meli iliyoleta wahamiaji kutoka Karibi mwaka 1948, na yeye kila ikitangazwa stesheni husema "asante kwa kutukumbuka, sasa punguzeni nauli." Mzee yule ndiye aliyenitambulisha kwa nusu ya watu ninaowajua leo.

Mnaona kilichotokea? Sikufanya lolote la maana. Nilirudi tu. Mahali pale pale, saa ile ile, na watu wale wale. London mtu hakusalimii mara ya kwanza, ila mara ya sita anajiona anakudai salamu. Nawaambia tena, rudini. Iwe kwaya, iwe bustani, iwe mpira (mimi wa Jumatano niliuacha, ni habari ndefu na refa anajijua), rudini pale pale.

Vijana wenzangu, tusipakane mafuta kwa mgongo wa chupa. Wengi wetu tunalalamika wazungu wana roho baridi huku Jumamosi nzima tuko kitandani tunaangalia harusi za Dar kwenye simu. Nani atakuja kukugongea? Nimeshawaambia huku hawagongi! Toka. Hata kama unasoma na visa inakuruhusu saa 20 tu za kazi kwa wiki wakati wa masomo, hela si kisingizio. Ijumaa makumbusho ya British Museum hufungwa saa mbili na nusu usiku, National Gallery, jumba la michoro, saa tatu, na kuingia zote mbili ni bure. Jirani yangu Mnaijeria hunisindikiza British Museum hadi kwenye ngazi, haingii. Anasema kule ndani kuna sanamu za shaba za ufalme wa Benin, wa kwao Nigeria, zilizobebwa na Waingereza 1897 na hawezi kwenda kutembelea mali ya wizi kama mgeni. Ananisubiri nje na karanga, nikitoka tunabishana hadi nyumbani. Jioni nzima, tumetumia nauli ya basi.

Na mwezi Juni, jua linapozama saa tatu na dakika ishirini usiku, utajilaumu kwa kila jioni uliyoilaza. Toka, nasema.

Binti, wewe nimekujibu kwa kifupi kwenye ujumbe, ila naandika hapa ili usikwepe. Jumamosi hii, Burgess Park. Njoo saa tatu kasoro robo, wageni hupewa maelezo kabla ya kuanza, na saa tatu yao ni saa tatu kamili, wanaondoka hata kama unafunga kamba. Chapisha ule msimbo kwenye karatasi. Vaa glavu. Na usiogope kuwa wa mwisho, kwa sababu kila wiki kuna mtu wa kujitolea ambaye kazi yake ni kutembea nyuma ya wote na kumaliza baada ya kila mtu. Wiki hii nimejiandikisha mimi.