Pochi ya Maunzi Inapogoma: Majibu ya Maswali Yenu

Maswali ya safari hii yote yanahusu pochi za maunzi, yaani vile vifaa vidogo vinavyotunza funguo za sarafu za kidijitali nje ya kompyuta na simu. Kwa kuwa wengi walioandika wanatumia Ledger au Trezor, majibu yamelenga vifaa hivyo viwili. Ikumbukwe tangu mwanzo kwamba sarafu hazikai ndani ya kifaa. Zimeandikwa kwenye daftari la mtandao wa kila sarafu, na kifaa hutunza tu ufunguo wa kuzihamisha, ufunguo unaoweza kuundwa upya kutokana na maneno, mara nyingi 12 au 24, uliyoyaandika siku ya kwanza. Ndiyo maana kosa linalotokea kwenye skrini kwa kishindo mara nyingi ni dogo, ilhali kosa lisilotoa ujumbe wowote ndilo la kuogopwa.

Ledger Nano S Plus yangu inawaka nikiichomeka kwenye laptopu, lakini programu haioni kifaa chochote. Nimeifuta programu na kuipakua upya bila mafanikio. Je, kifaa kimeharibika? (Mwanza)

Kifaa kinachowaka, kikapokea namba ya siri na kuonyesha menyu yake, ni nadra kuwa kimeharibika. Mshukiwa wa kwanza ni waya. Nyaya nyingi zinazouzwa mitaani, au zinazokuja na taa, spika na pawabenki, hupitisha umeme tu na hazina njia za kupitishia data, kwa hiyo kifaa kitawaka vizuri huku kompyuta ikiwa haina habari nacho. Upime waya wako kwa kuunganisha simu na kompyuta: ikiwa simu inachaji lakini huwezi kuhamisha picha hata baada ya kuiruhusu, waya huo ni wa kuchajia tu. Rudi kwenye waya uliokuja ndani ya boksi, na uuchomeke moja kwa moja kwenye kompyuta bila kupitia habu.

Waya ukiwa mzima, funga programu nyingine zote zinazoweza kuwa zimekishika kifaa, ikiwemo pochi iliyomo kwenye kivinjari, kwa sababu kifaa huzungumza na programu moja kwa wakati mmoja. Wanaotumia Linux wana hatua ya ziada ya kuweka kanuni za udev, ambazo kampuni zote mbili huzitoa kwenye tovuti zao, kwani bila hizo mfumo humzuia mtumiaji wa kawaida kukifikia kifaa. Na kama kuna msomaji anayehangaika kuiunganisha Nano S Plus na iPhone, apumzike, kwa kuwa vitu hivyo viwili havikutengenezwa kufanya kazi pamoja.

Napata namba kama 0x5515 na 0x6985. Zina maana gani? (Nairobi)

0x5515 ina maana kwamba kifaa kimejifunga, hivyo ingiza namba ya siri. 0x6985 ina maana kwamba muamala umekataliwa kwenye kifaa chenyewe, kwa kawaida kwa kubonyeza kitufe kisicho chake. Ukiona 0x6511, hujaifungua programu ya sarafu husika ndani ya kifaa, kwa mfano programu ya Bitcoin au ya Ethereum. Hakuna hata moja kati ya hizo inayohusiana na usalama wa fedha zako.

Trezor yangu ya zamani iliingia maji. Nimenunua mpya, nimeingiza maneno yangu 24 na yamekubaliwa, lakini bitcoin zinaonyesha sifuri. Ninayo anwani niliyopokelea, nayo inaanza na tarakimu 3. Je, nimeibiwa? (Mombasa)

Usianze kwa kuangalia kifaa. Chukua hiyo anwani, uitafute kwenye tovuti ya wazi inayoonyesha miamala ya Bitcoin, kama vile mempool.space, ambapo huhitaji kuingiza siri yoyote. Ikiwa salio bado lipo hapo, hakuna aliyekuibia, na tatizo ni kwamba unaangalia mlango usio wako.

Maneno yale yale 24 huzaa akaunti za aina kadhaa, na kila aina ina anwani zinazoanza kwa namna yake: 1 kwa aina kongwe, 3 kwa aina ya kati, bc1q kwa aina inayotumika zaidi leo, na bc1p kwa aina ya Taproot. Programu ya Trezor hukufungulia kwanza akaunti ya bc1q, na kwa kuwa wewe ulipokelea kwenye 3, akaunti hiyo itakuwa tupu bila kosa lolote kutokea. Ongeza akaunti mpya ya Bitcoin na, pale unapoulizwa aina, uchague Legacy SegWit, yaani ile aina ya kati yenye anwani zinazoanza na 3. Huenda salio likaonekana hapo hapo.

Lisipoonekana, jiulize kama uliwahi kuweka nenosiri la ziada juu ya yale maneno 24, lile ambalo watumiaji wengine huliita neno la 25. Hapa ndipo penye mtego mkubwa kuliko yote katika safu hii. Namba ya siri ukiikosea, kifaa hukuambia umekosea. Nenosiri la ziada ukilikosea, kifaa hakikuambii chochote, kwa sababu kila nenosiri, hata lililoandikwa vibaya, hufungua pochi halali iliyo tofauti, na pochi hiyo karibu daima huwa tupu. Herufi kubwa mahali pa ndogo, au nafasi iliyobaki mwishoni, inatosha kukupeleka pengine kabisa. Yajaribu kwa utaratibu yale uliyokuwa na mazoea ya kuyaandika, ukiandika kwenye karatasi kila ulichokijaribu, na umpuuze yeyote atakayejitolea mtandaoni kukutafutia.

Kifaa kinalipokea neno moja moja bila tatizo, lakini nikimaliza la 24 kinasema maneno si sahihi. Nimerudia mara nyingi. (Kigoma)

Maneno haya hutoka kwenye orodha rasmi yenye maneno 2,048 ya Kiingereza, na kifaa hukubali neno lolote lililomo. Mwishoni hufanya hesabu ya uhakiki, kwa kuwa sehemu ya neno la mwisho imekokotolewa kutokana na yale yaliyotangulia. Kwa hiyo ujumbe unaoupata una maana kwamba neno moja si lile lililokuwepo, au mawili yamebadilishana nafasi. Herufi nne za kwanza hulitambulisha kila neno, lakini mwandiko wa haraka hauheshimu kanuni hiyo: »word« na »world« yote yamo, na »wine« na »wing« pia yamo, tena herufi ya mwisho iliyokolezwa vibaya hutosha kulifanya moja lionekane jingine. Pitia karatasi yako ukiwa na orodha hiyo iliyochapishwa pembeni, uweke alama kwenye kila neno lenye jirani anayefanana nalo, kisha ujaribu jirani mmoja baada ya mwingine kwenye kifaa. Angalia pia kama uliandika kwa safu mbili, kwani wapo wanaosoma kwenda kulia karatasi iliyoandikwa kwenda chini.

Wenye maneno 12 wawe waangalifu zaidi. Kwa maneno 24, kosa la kubahatisha hupenya uhakiki mara moja tu kati ya 256. Kwa maneno 12 hupenya mara moja kati ya 16, na likipenya utafunguliwa pochi tupu bila onyo lolote, kama yule msomaji wetu wa Mombasa. Kamwe usiyaandike maneno hayo kwenye tovuti inayojitangaza kuyarekebisha.

Nina USDT kwenye Tron, lakini nikitaka kutuma naambiwa sina salio la kutosha, ilhali ninatuma nusu tu ya nilizonazo. (Dar es Salaam)

USDT, sarafu iliyofungamanishwa na dola ya Marekani, hailipi ada yake yenyewe katika muamala wa kawaida. Kwenye mtandao wa Tron ada hulipwa kwa TRX, sarafu ya mtandao huo, na kwenye Ethereum hulipwa kwa ETH, hata kama kinachohamishwa ni USDT. Nunua TRX kiasi, uzitume kwenye anwani ile ile, kisha ujaribu tena. Bakiza akiba kidogo, maana kuituma USDT kwa anwani ambayo haijawahi kuwa na USDT hugharimu takriban mara mbili ya kuituma kwa anwani ambayo tayari inayo. Hakikisha pia kwamba unayemtumia anapokea kupitia Tron: anwani za mtandao huo huanza na T, na zile za Ethereum huanza na 0x.

Nikitaka kuidhinisha muamala kwenye tovuti ya kubadilishia sarafu, kifaa kinanitaka niwashe kusaini bila kuona. Niwashe? (Kampala)

Ujumbe huo hutokea pale kifaa kinaposhindwa kuufasiri muamala wa mkataba mahiri, yaani programu inayojitekeleza kwenye mtandao wa sarafu, kwa maneno yanayosomeka, na badala yake kinaweza kukuonyesha mfululizo wa herufi na tarakimu tu. Ukiruhusu, unaitegemea skrini ya kompyuta ikuambie unasaini nini, na pochi ya maunzi ilinunuliwa ili skrini hiyo isitegemewe. Februari 2025 soko la sarafu za kidijitali la Bybit lilipoteza takriban dola bilioni 1.5 baada ya maofisa wake kuidhinisha muamala ulioonekana wa kawaida kwenye kompyuta huku kilichosainiwa kikiwa kitu kingine kabisa, na hao walikuwa watu wa kazi hiyo. Ushauri wangu ni kwamba usiwashe kwenye pochi yenye akiba yako. Ukilazimika, fungua pochi nyingine yenye maneno yake, uweke humo kiasi unachohitaji kwa muamala huo pekee, na uzime ruhusa ukishamaliza.

Tabia iyo hiyo ya kutoitegemea skrini ya kompyuta itumike wakati wa kupokea na kutuma. Kuna virusi vya kompyuta vinavyobadilisha anwani kati ya kunakili na kubandika, tena huchagua inayofanana na yako mwanzoni na mwishoni. Isome anwani nzima kwenye skrini ya kifaa, na ikitofautiana na ile iliyo kwenye kompyuta, kifaa ndicho cha kuaminiwa.

Umeme ulikatika wakati nasasisha famweya, yaani programu ya ndani inayokiendesha kifaa, na sasa kifaa kimeganda. (Bukavu)

Kichomeke tena na ufungue programu rasmi, ambayo kwa kawaida hukitambua kifaa kilichokatishwa katikati na kuendelea kutoka hapo. Kikijifuta, utakirejesha kwa maneno yako. Hii ndiyo sababu ya kuhakikisha karatasi ya maneno iko mkononi, na inasomeka, kabla ya kugusa kitufe cha kusasisha.

Nilinunua Ledger kwa muuzaji wa mtandaoni kwa bei nafuu. Ndani ya boksi kulikuwa na kadi yenye maneno 24 yaliyokwisha kuandikwa, nikayatumia. Sasa nimepata barua pepe inayonitaka niyathibitishe maneno hayo. (Muscat)

Barua pepe hiyo ipuuze. Mwaka 2020 taarifa za wateja wa Ledger zilivuja, zikiwemo anwani za nyumbani na namba za simu za watu takriban 272,000, na tangu hapo ujumbe wa kughushi umekuwa ukitumwa kwa barua pepe, kwa simu na hata kwa posta. Mwishoni mwa 2023 programu ya bandia yenye jina la Ledger ilipenya hadi kwenye duka la programu la Microsoft. Hakuna kampuni halali ya pochi itakayokuuliza maneno yako.

Kubwa zaidi ni hiyo kadi. Kifaa kipya huyazalisha maneno chenyewe mbele ya macho yako, nawe huyaandika kwa mkono wako. Kadi iliyokuja imejazwa ina maana kwamba aliyeijaza anao ufunguo wako na anasubiri salio likue. Kubadilisha namba ya siri hakutasaidia, kwa kuwa yeye hakihitaji kifaa chako. Leo hii nunua kifaa kutoka kwa kampuni yenyewe au wakala wake anayetambulika, uanzishe pochi mpya yenye maneno mapya, utume kwanza kiasi kidogo uhakikishe kimefika, kisha uhamishe kila kitu kilichobaki, ukianza na sarafu yenye thamani kubwa na kuziacha zile zinazotumika kulipia ada ziwe za mwisho.