Bajeti ya chekechea huanza Agosti

Wewe uliyeajiriwa juzi katika ofisi ya elimu hapa Mombasa, uwe umepangiwa Likoni, Kisauni ama Jomvu, ukaambiwa "utatusaidia na bajeti", nakuandikia wewe. Kazi hii nimeifanya miaka mingi, na haya ndiyo niliyotamani kuambiwa wiki ya kwanza.

Jua mipaka kwanza. Katiba ya 2010 iliipa kaunti chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulea watoto. Shule za msingi na sekondari zimebaki kwa serikali ya kitaifa. Kwa kuwa chekechea nyingi zimo ndani ya ua wa shule ya msingi, wazazi watakujia na habari ya choo cha darasa la sita. Wasikilize kwa heshima, waelekeze kwa bodi ya shule, lakini usikitie choo hicho kwenye makadirio yako.

Kalenda ndipo wengi wanapoangukia. Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka waraka wa kuanzisha bajeti utoke kufikia Agosti 30, na mpango wa maendeleo wa mwaka ufike Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1. Februari 28 ni siku ya mwisho ya waraka wa mkakati wa fedha, ambao ndani yake kila idara huwekewa kikomo chake. Makadirio yenyewe hupelekwa kufikia Aprili 30. Mgeni husikia neno bajeti Aprili, kwenye vikao vya wananchi, akaja mbio na orodha ndefu. Nyama imeshagawanywa, kilichobaki ni mchuzi. Darasa unalolitaka liwe limeandikwa Agosti, na jina la wadi, na jina la shule.

Kisha kuna jambo ambalo halikuandikwa popote. Mwaka wa shule huanza Januari, wa fedha Julai. Watoto wa PP2, yaani mwaka wa pili wa chekechea, unaowahesabu Februari ili kuwaombea vitabu watakuwa wameshaingia gredi ya kwanza kabla nusu ya pesa zile kutumika. Kwa hiyo wahesabu wanaokuja. Nenda kliniki ya watoto, nenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani mtaani. Kwetu pwani watoto wengi hupita chuoni kabla ya chekechea, na yule mwalimu anajua nyumba gani ina mtoto wa miaka mitatu.

Wala usiamini rejista ya mezani peke yake. Shule moja ng'ambo ya Likoni ilituletea rejista ya watoto 84. Nilifika saa ya uji. Mama mpishi alikuwa ametandika kanga chini na kupanga vikombe vya plastiki, nami nikavihesabu mara mbili: 112. "Hawa walikuja baada ya rejista kutumwa, mwanangu," akaniambia mwalimu, "na siwezi kumrudisha mtoto." Kama ningeandika 84, watoto 28 wangekunywa uji wa wenzao mwaka mzima. Tangu siku hiyo sijawahi kuandika idadi ya shule ambayo sijakanyaga jikoni kwake.

Kosa langu kubwa lilikuwa la darasa. Nililiombea jengo, likajengwa, likapakwa rangi, halafu likafungwa kwa kufuli kwa sababu sikuandika mwalimu wala viti. Jengo liko kwenye fungu la maendeleo, mshahara uko kwenye matumizi ya kawaida, na mafungu hayo hayafuatani yenyewe. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo, na kanuni za 2015 zinazuia mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Kwa hiyo ukuta hupatikana upesi kuliko mwalimu. Omba mwalimu kwanza, jengo baadaye. Najua wakubwa hupenda jengo kwa kuwa linaonekana. Shikilia hapohapo.

Bajeti ikipitishwa, pesa bado hazijafika. Mgao kutoka Nairobi huchelewa mara nyingi, na haitoki shilingi bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti. Usiposongeza shughuli mapema, Juni 30 itakukuta na zabuni mkononi, na idhini ya kuzitumia pesa hizo inaisha siku hiyo. Mpango wako wa ununuzi uwe tayari Julai, mkandarasi ajulikane kabla ya Desemba, paa liezekwe wakati wa kaskazi. Ukingoja Aprili, masika yatakunyeshea saruji.

Katikati ya mwaka huja bajeti ya ziada, na hapo fungu lisilo na mtetezi hukatwa. Mombasa ina wadi 30. Nilikuwa na karatasi moja kwa kila wadi: shule, idadi ya watoto, walimu, matundu ya choo, na tarehe niliyofika mwenyewe. Siku mwakilishi wadi aliposema chekechea zingoje, nilimpa karatasi ya wadi yake. Akaisoma kimya hadi chini, akauliza kama ile shule ya vikombe 112 bado ina mwalimu mmoja. Nikamjibu ndiyo. Fungu la walimu halikuguswa siku ile.