Mimba na Kazi ya Saa Chache Uingereza: Jibu kwa Dada Zangu Walioko Uganda

Ndugu zangu wa Kampala, Bombo na Arua, mmeniuliza kwa namna nyingi swali lilelile: je, ni kweli kwamba mwanamke anayefanya kazi ya saa chache Uingereza akishika mimba hulipwa mwaka mzima huku amekaa nyumbani? Mdogo wangu mmoja, anayejiandaa kuja kumfuata mumewe, ameongeza la kwake: akipata kazi ya saa 10 kwa wiki, kisha Mungu akamjalia mtoto, atalipwa au hatalipwa? Nawajibu bila kuficha, kwa sababu nimewaona wanawake waliokuja kyeyo, yaani kufanya kazi ughaibuni, wakikosa haki yao kwa kuamini tu neno la msimamizi.

Likizo ni jambo moja na malipo ni jambo jingine. Likizo ya uzazi ni wiki 52, na kila mwajiriwa anayo tangu siku ya kwanza ya kazi, awe anafanya saa 40 kwa wiki au saa 8. Malipo ya kisheria, kwa upande wake, ni ya wiki 39 tu: wiki 6 za kwanza mama hupata asilimia 90 ya wastani wa mapato yake, na wiki 33 zinazofuata hupata kiwango maalumu, ambacho kuanzia Aprili 2025 kiliwekwa kuwa pauni 187.18 kwa wiki, au ile asilimia 90 ikiwa ndiyo ndogo zaidi. Wiki 13 za mwisho hazina malipo yoyote ya kisheria, na kodi ya nyumba haisubiri, ndiyo maana wenzetu wengi hurudi kazini kabla likizo haijaisha.

Sasa nizungumzie saa, kwa sababu hapo ndipo mfanyakazi wa saa chache anapopona au kuumia. Ili mwajiri alazimike kumlipa, mwanamke awe amemfanyia kazi kwa wiki 26 mfululizo kufikia wiki ya 15 kabla ya wiki anayotarajiwa kujifungua, maana yake awe ameanza kazi hiyo kabla hajashika mimba. Tena wastani wa mapato yake usipungue kiwango kilichowekwa, ambacho mwaka wa 2025 kilikuwa pauni 125 kwa wiki. Kwa viwango hivyo vya mwaka wa 2025, kima cha chini cha mshahara kwa mtu mwenye umri wa miaka 21 au zaidi kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Saa 10 zilileta pauni 122.10, na huyo hakuwa na malipo ya mwajiri. Saa 11 zilileta pauni 134.31, na huyo alikuwa nayo. Saa moja tu kwa wiki ndiyo iliyowatenga. Wastani wenyewe hupimwa kwa mapato ya takriban wiki 8, yaani karibu na wiki ya 18 hadi ya 25 ya ujauzito, kwa hiyo zamu za ziada anazozifanya mtu katika kipindi hicho huhesabiwa, na zamu anazonyimwa katika kipindi hicho humpunguzia.

Wapo pia wanaofanya kazi mbili, asubuhi kufagia ofisi na jioni kuwahudumia wazee. Kila mwajiri hupimwa peke yake: ukipata pauni 100 hapa na pauni 100 kule, hakuna anayewajibika kukulipa, ingawa jumla ni pauni 200. Hata hivyo mlango haujafungwa. Ipo posho ya uzazi inayotolewa na serikali, nayo hujumlisha mapato ya kazi zote. Anayeiomba awe amefanya kazi walau wiki 26 katika wiki 66 kabla ya wiki ya kujifungua, si lazima ziwe mfululizo wala kwa mwajiri mmoja, na katika wiki 13 miongoni mwa hizo awe amepata pauni 30 au zaidi kila wiki. Mwajiri anayekataa kulipa hana budi kumpa mwanamke fomu ya SMP1 yenye sababu zake, na fomu hiyo ndiyo huambatanishwa na maombi ya posho.

Kazini kwenyewe, muda wa kwenda kliniki ya wajawazito ni muda wenye malipo. Mimi niliambiwa na msimamizi wa mahali nilipokuwa nikifanya kazi kwamba wenye saa chache waende kliniki siku zao za mapumziko. Nilimwandikia barua kwa heshima, nikamkumbusha kwamba Sheria ya Haki za Ajira ya mwaka wa 1996 haiwatengi wenye saa chache, nikalipwa. Mjamzito anayetakiwa kunyanyua wagonjwa ana haki ya kubadilishiwa kazi au saa, na isipowezekana, apumzishwe kwa mshahara kamili. Kumfukuza kwa sababu ya mimba ni kosa tangu siku ya kwanza, na shirika la Acas, linalosuluhisha migogoro ya kazini, hutoa ushauri na usuluhishi bila kutoza chochote. Ila asikawie, kwani muda wa kushtaki ni mfupi.

Kuhusu viza, ondoeni hofu moja inayowanyamazisha wengi. Malipo ya uzazi ya mwajiri na posho ile ya serikali havihesabiwi kuwa misaada ya umma ambayo viza nyingi huikataza. Na aliyeletwa na mwajiri hapotezi kibali chake kwa kuchukua likizo ya uzazi.

Msidhani nyumbani hakuna sheria. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka wa 2006 inampa mama siku 60 za kazi kwa mshahara kamili, na baba siku 4. Kwa muda huo mfupi, ni ukarimu kuliko wa huku. Shida ni kwamba mzigo wote humwangukia mwajiri, kwa hiyo mwenye duka la Kikuubo, eneo la biashara la Kampala, huiona mimba kama hasara na kutafuta njia ya kumwondoa mama, na mama asiye na mkataba wa maandishi hupata taabu kuthibitisha haki yake. Uingereza mwajiri hurudishiwa na serikali asilimia 92 ya malipo hayo, na mwajiri mdogo hurudishiwa yote na ziada. Naamini jambo hilo linawalinda wanawake kuliko hotuba nyingi, na wabunge wetu wangelifikiria.

Basi mdogo wangu, kwa saa 10 za kima cha chini mwajiri hatakulipa, lakini ukishatimiza wiki 26 za kazi utapata posho ya serikali, takriban pauni 110 kwa wiki kwa viwango vile vya 2025. Ukiweza, omba saa 11 au 12 ziandikwe ndani ya mkataba tangu mwanzo. Tunza kila karatasi ya mshahara. Ukishapita wiki ya 20 mwombe mkunga fomu ya MATB1, inayothibitisha mimba na tarehe ya kujifungua, umpe mwajiri pamoja na barua ya tarehe unayotaka kuanza likizo, kabla haijaisha ile wiki ya 15 kabla ya wiki ya kujifungua, nawe ubaki na nakala yenye tarehe.