Maswali na Majibu: Marupurupu Yanayong'aa na Mafao Yanayobaki

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: zaidi ya mshahara, mwajiri anatoa nini, na kipi kati ya hivyo kina thamani ya kweli kwa mtu atakayefanya kazi miaka thelathini au arobaini. Wale walioniuliza tena kama simu ya ofisi wanaweza kuondoka nayo wanapoacha kazi wanaombwa wasome mikataba yao, kwa kuwa jibu limo humo na halijawahi kuwa kwangu.

Swali: Nimepata nafasi mbili za kazi. Ya kwanza inalipa mshahara unaozidi ule wa pili kwa asilimia 10, lakini haina kingine chochote. Ya pili ina bima ya afya ya familia, na mwajiri anachangia asilimia 10 ya mshahara katika mfuko wa pensheni. Marafiki wananiambia nifuate fedha.

Jibu: Nami nakuambia ufuate fedha, ila uzihesabu zote. Mchango huo wa pensheni peke yake unafuta tofauti ya mishahara, na katika nchi nyingi mchango wa pensheni hautozwi kodi unapoingia katika mfuko, ilhali nyongeza ya mshahara hukatwa kodi kabla hujaiona. Hapo bado hatujagusa bima. Bima ya kundi huwa nafuu kuliko ile anayojikatia mtu mmoja, na mara nyingi humpokea hata mwenye maradhi ya siku nyingi, ambaye kampuni ya bima ingemkataa au kumtaka asubiri kwa muda kama angekwenda peke yake.

Kabla ya kutia saini, hata hivyo, uliza mambo mawili ambayo watu hawayaulizi. Kwanza, ile asilimia 10 inakokotolewa kutoka mshahara wa msingi au kutoka jumla ya mapato? Kuna waajiri wanaoweka mshahara wa msingi mdogo na kuupamba kwa posho za nyumba, usafiri na mawasiliano. Mfanyakazi hufurahi kila mwisho wa mwezi, kisha siku ya kustaafu hugundua kwamba pensheni na kiinua mgongo vimekokotolewa kutoka kile kiasi kidogo, na kwamba posho zote hazikuhesabiwa. Pili, bima ina ukomo gani kwa mwaka, inawahudumia wategemezi gani, na inasema nini kuhusu kujifungua na magonjwa sugu? Bima ambayo ukomo wake unamalizwa na upasuaji mmoja ni karatasi tu.

Kipimo changu kwa faida yoyote ya kazi ni hiki: je, itaendelea kunisaidia siku nisiyoweza kwenda kazini? Mkataba namba 102 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1952, unataja mafao ya aina tisa katika hifadhi ya jamii: matibabu, ugonjwa, ukosefu wa kazi, uzee, ajali na maradhi ya kazini, familia, uzazi, ulemavu, na mafao ya wanaofiwa na aliyekuwa akiwatunza. Walioiandika orodha hiyo walijua maisha ya mfanyakazi yanavunjikia wapi. Gari halimo.

Swali: Ofisi niliyoitwa ina chumba cha mazoezi, vinywaji vya bure, meza za michezo na viti vya kupumzikia. Je, hizo si dalili za mwajiri anayejali watu wake?

Jibu: Ni dalili za mwajiri ambaye hangependa uwahi kurudi nyumbani, ulizia wafanyakazi huondoka saa ngapi.

Swali: Kampuni moja inanipa likizo yenye malipo isiyo na kikomo. Sijawahi kusikia ukarimu kama huu. Nikubali?

Jibu: Kazi unaweza kuikubali, lakini ukarimu huo usiuhesabu mpaka uuchunguze. Likizo yenye idadi ya siku ni deni ambalo mwajiri anadaiwa. Siku zinajikusanya, zinaandikwa, na katika sehemu nyingi zikibaki unapoacha kazi hulipwa kwa fedha. Likizo isiyo na kikomo haina idadi, kwa hiyo haina deni, na unapoondoka hakuna cha kulipwa. Isitoshe, mtu aliyeambiwa ana siku 25 huzichukua bila haya kwa sababu ni zake, ilhali aliyeambiwa achukue kiasi atakacho humtazama mkuu wake kwanza, na mkuu asipopumzika hakuna anayepumzika.

Mkataba namba 132 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1970 uliweka kiwango cha chini cha wiki tatu za likizo yenye malipo kwa mwaka, na Umoja wa Ulaya unataka wiki nne. Marekani haina sheria ya shirikisho inayomlazimisha mwajiri wa kawaida kutoa hata siku moja ya likizo ya mwaka yenye malipo, na si ajabu kwamba ahadi ya likizo isiyo na kikomo ilipata umaarufu huko. Muulize afisa rasilimali watu swali moja: wafanyakazi wa idara nitakayoingia walichukua wastani wa siku ngapi mwaka uliopita? Asipokuwa na takwimu hizo, omba idadi ya chini ya siku iandikwe katika mkataba wako.

Swali: Ninabadilisha kazi kwa mara ya tatu. Je, nitoe michango yangu yote ya uzeeni ili nijenge mtaji mdogo, kisha nianze upya kwa mwajiri mpya?

Jibu: Swali hili nimelijibu mara nyingi mno, na bado linaletwa kana kwamba jibu litabadilika nikichoka. Hapana. Usitoe, isipokuwa pale ambapo njaa au ugonjwa haukuachii njia nyingine.

Kwa kuwa maneno matupu hayajawatosha wengi, tuhesabu. Tuchukue mtu ambaye yeye na mwajiri wake kwa pamoja wanaweka 100 kila mwezi, kwa sarafu yoyote, katika mfuko unaokua kwa asilimia 6 kwa mwaka. Akiweka kwa miaka 40 atakuta takriban 199,000. Mwenzake akianza miaka kumi baadaye, au akitoa yote baada ya miaka kumi na kuanza upya kama unavyotaka wewe, atakuta takriban 100,000. Tofauti ya michango yao ni 12,000 tu, lakini tofauti ya matokeo ni karibu mara mbili, kwa sababu fedha za mwanzo ndizo zinazopata muda mrefu zaidi wa kuzaa faida juu ya faida. Anayetoa michango ya miaka kumi ya kwanza hudhani anatoa robo ya akiba yake, kumbe anatoa nusu.

Kuna jambo jingine ambalo hukuliuliza lakini unalihitaji, hasa wewe unayehama mara kwa mara. Katika mipango mingi michango yako mwenyewe huwa yako tangu siku ya kwanza, lakini ile ya mwajiri huwa yako kikamilifu baada tu ya kutimiza muda fulani wa utumishi. Nimewaona watu wakiacha kazi wiki chache kabla ya muda huo kutimia, kwa nyongeza ya mshahara isiyofikia hata nusu ya walichokipoteza. Tafuta tarehe hiyo katika kanuni za mfuko wako kabla hujaandika barua ya kuacha kazi. Kisha uliza jinsi ya kuhamishia akiba yako katika mfuko mpya, au kuiacha ilipo iendelee kukua.

Swali: Mwajiri wangu ananipa hisa za kampuni badala ya sehemu ya mshahara. Kampuni inakua haraka. Je, niziongeze kwa akiba yangu mwenyewe?

Jibu: Hisa unazopewa zipokee, lakini akiba yako ipeleke kwingine. Mshahara wako tayari unategemea kampuni hiyo, na ukiitegemeza akiba yako hapo hapo, siku itakapoanguka utapoteza kazi na uzee wako kwa mkupuo. Wafanyakazi wa Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, waliyaona hayo. Zaidi ya nusu ya fedha zilizokuwa katika mpango wao wa akiba ya uzeeni zilikuwa ni hisa za kampuni yenyewe, na zile walizochangiwa na mwajiri hawakuruhusiwa kwa kawaida kuziuza kabla ya kufikisha umri wa miaka 50. Hisa iliyokuwa na thamani ya dola 90 hivi mwaka 2000 ilishuka chini ya dola moja kufikia mwishoni mwa Novemba 2001, na mwanzoni mwa Desemba kampuni ikaomba kufilisika.

Hata pensheni ya kuahidiwa haina usalama kama haina fedha nyuma yake. Studebaker, kampuni ya magari ya Marekani, ilipotangaza mwaka 1963 kufunga kiwanda chake cha South Bend, mfuko wa pensheni haukuwa na fedha za kuwatosha wote. Waliotimiza miaka 60 walilipwa haki zao, maelfu waliokuwa na umri wa miaka 40 hadi 59 waliambulia takriban asilimia 15 ya thamani ya haki zao, na walio wadogo zaidi hawakupata kitu. Kilio hicho kilichangia kuzaliwa kwa sheria ya mwaka 1974 ya kulinda pensheni nchini humo. Kwa hiyo uliza kama fedha za mfuko wako zinatunzwa na wadhamini walio mbali na hazina ya mwajiri, na udai taarifa ya michango yako kila mwaka. Wapo waajiri wanaokata mchango katika mshahara na kuchelewa kuupeleka, na mfanyakazi asiyesoma taarifa yake hugundua akiwa na mvi.

Swali: Meneja aliniahidi kwa mdomo kwamba baada ya miezi sita nitapata bima. Sasa ni mwaka. Je, nina haki?

Jibu: Una kumbukumbu tu, na yeye hana, iandike ahadi hiyo leo katika barua pepe, umwombe aithibitishe, na safari ijayo fanya hivyo siku ile ile unapoahidiwa.

Swali: Mwajiri atanilipia masomo ya shahada ya pili ikiwa nitakubali kubaki miaka mitatu baada ya kumaliza. Ni mtego?

Jibu: Ni faida mojawapo bora kabisa, kwa sababu elimu ukishaipata hainyang'anywi siku unapoacha kazi. Angalia tu kifungu cha kurejesha gharama. Mkataba wa haki hupunguza deni kadiri unavyotumika, yaani ukiondoka baada ya miaka miwili urejeshe theluthi moja. Usiokuwa wa haki hudai gharama yote hata kama imebaki wiki moja. Hakikisha pia umeandikwa kwamba mwajiri akikupunguza kazini yeye mwenyewe, hudaiwi kitu.

Swali: Natarajia kupata mtoto katika mwaka au miaka miwili ijayo. Je, ni vibaya kuuliza kuhusu likizo ya uzazi wakati wa usaili?

Jibu: Si vibaya hata kidogo, ila si lazima uulize huku ukitazamwa na watu watano. Subiri barua ya kuajiriwa, kisha omba nakala ya kanuni za utumishi kabla ya kutia saini, na usome kifungu hicho nyumbani. Kipimo cha kimataifa ni Mkataba namba 183 wa mwaka 2000: wiki zisizopungua 14, na malipo ya fedha ambayo, yanapotokana na mapato ya awali, hayapungui theluthi mbili ya mapato hayo. Tazama kama mshahara ni kamili au nusu, kama michango ya pensheni inaendelea ukiwa likizoni, na kama utarudi katika nafasi ile ile.

Wanaume nao wasiruke jibu hili. Likizo ya baba ipo katika sheria za nchi nyingi na haichukuliwi, kwa sababu wenzao kazini huicheka. Baba asiyeichukua anamwachia mwajiri sehemu ya ujira wake.

Swali: Nina miaka 52. Nimepewa cheo chenye gari na dereva, lakini saa za kazi zitapanda kutoka 40 hadi karibu 60 kwa wiki. Familia inasita.

Jibu: Isikilize familia yako. Utafiti wa pamoja wa Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani, uliochapishwa mwaka 2021, ulikadiria kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunahusishwa na ongezeko la asilimia 35 la hatari ya kupata kiharusi, na asilimia 17 la hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo, ikilinganishwa na saa 35 hadi 40. Gari ni la cheo na hurudishwa pamoja na cheo, na katika nchi nyingi hutozwa kodi kama sehemu ya mapato. Katika umri wako ningejadiliana juu ya mambo mengine: bima ya afya inayoendelea baada ya kustaafu, likizo ya ugonjwa yenye mshahara kamili, na ruhusa ya kupunguza saa katika miaka ya mwisho. Kama pensheni yako inakokotolewa kutoka mishahara ya miaka ya mwisho, basi nyongeza ya cheo hicho ina uzito wa pekee, na hapo unaweza kukikubali kwa sharti kwamba saa zipungue. Sharti hilo liandikwe.

Swali: Nilitalikiana miaka mingi iliyopita na nimeoa tena. Je, mafao yangu ya kifo yatakwenda kwa mke wangu wa sasa?

Jibu: Yanaweza kwenda kwa yule ambaye jina lake limo katika fomu. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mpango wa akiba wa kampuni moja haukukosea kumlipa mtalaka wa mfanyakazi aliyefariki, ingawa katika talaka mama huyo alikuwa ameachia haki hizo, kwa kuwa marehemu hakuwa amebadilisha fomu ya wanufaika. Sheria za nchi hutofautiana, lakini fomu ni ukurasa mmoja. Nenda kesho kwa afisa rasilimali watu, omba ile ya pensheni, ya bima ya maisha na ya kiinua mgongo, kwa maana mara nyingi ni tatu tofauti, uzijaze upya, na urudi na nakala zilizogongwa muhuri.