Barua kwa mwanangu: kiti cha kocha msaidizi

Mwanangu,

Umeniuliza kama kukubali ukocha msaidizi kwenye timu uliyoichezea mpaka msimu uliopita si kujishusha, tena chini ya mtu ambaye, kwa maneno yako, hakukufikia hata robo uwanjani. Ukaongeza: mchezaji hodari huwa kocha hodari? Hilo la pili jibu lake ni fupi. Mara nyingi huwa si hivyo. La kwanza ndilo lililonikumbusha Šarūnas Jasikevičius, yule Mlithuania wa mpira wa kikapu niliyekuwa nikikuita sebuleni uje umtazame.

Alizaliwa Kaunas mwaka 1976, akacheza Chuo Kikuu cha Maryland huko Marekani, na mwaka 1998 hakuna timu ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya huko, iliyomchagua. Akarudi kwao, akapita Slovenia, akaibukia Barcelona. Euroleague, kombe kubwa la klabu za Ulaya, akaibeba na Barcelona mwaka 2003, na Maccabi Tel Aviv mwaka 2004 na 2005, na Panathinaikos ya Ugiriki mwaka 2009. Mwaka 2003 pia Lithuania ilikuwa bingwa wa Ulaya, yeye akiwa mchezaji bora wa mashindano. NBA alikuja kuipata baadaye, Indiana kisha Golden State, lakini haikumkaa. Miaka miwili tu akarudi Ulaya.

Hakuwa na mbio, wala kuruka kwake hakukumtisha mtu. Alikuwa na jicho. Pasi yake ilifika mahali kabla mwenzake hajajua kuwa anatakiwa awe pale. Na alipita mikononi mwa makocha wakali, Svetislav Pešić akiwa Barcelona na Željko Obradović akiwa Panathinaikos. Nadhani ukocha aliuanza huko, akiwa bado amevaa jezi.

Basi mwaka 2014 alitundika raba akiwa Žalgiris, timu ya mji wake, na mtu huyu mwenye makombe manne ya Ulaya akakaa kiti cha msaidizi papo hapo. Timu alikabidhiwa Januari 2016. Mwaka 2018 aliifikisha Žalgiris, ambayo bajeti yake haikaribii ya vigogo, nne bora za Euroleague pale Belgrade. Nusu fainali akafungwa na Fenerbahçe ya nani? Ya Obradović, mwalimu wake. Akaishinda CSKA Moscow, akashika nafasi ya tatu.

Barcelona walimchukua mwaka 2020. Fainali ya Euroleague ya 2021 akaipoteza mbele ya Anadolu Efes, na mwaka 2023 akaondoka bila kombe hilo. Desemba mwaka huohuo akaenda Fenerbahçe, na Mei 2025, huko Abu Dhabi, wakaifunga Monaco 81 kwa 70 kwenye fainali, na kombe likawa lao. Kuanzia kiti cha msaidizi mpaka hapo, piga hesabu mwenyewe. Huko kufoka kwake wakati wa mapumziko usikuige, mimi siupendi mtindo huo hata kidogo.

Kwa hiyo kubali. Ila usiingie ukisubiri kocha mkuu ateleze. Omba kazi yenye mipaka, tuseme ulinzi wote uwe wako, ili ukikosea ijulikane umekosea wewe.

Kuna la mwisho. Mwaka 2017 Žalgiris wakiwa nusu fainali ya ligi yao, Augusto Lima aliruhusiwa aondoke kwa kuwa mkewe anajifungua. Mwandishi mmoja akauliza kama ni sawa mchezaji kuiacha timu wakati kama huo. Jasikevičius akamgeuzia swali: wewe una watoto? Akamwambia akipata wake ataelewa, kwamba hakuna jambo kubwa kuliko hilo, na mpira wa kikapu si kila kitu maishani. Mkeo amebakiza miezi miwili. Kabla hujatia saini, waambie wazi kwamba siku hiyo wasikutafute benchi.

Baba yako