Jibu: Je, RNA hunyamazishwa ndani ya P-bodi pekee?

Dada, umeuliza kama RNA mjumbe (nakala ya jeni inayobeba maagizo ya kutengeneza protini) isiyoingia kwenye P-bodi, chembechembe zisizo na utando ndani ya seli, inaweza kunyamazishwa, yaani kuzuiwa isitengeneze protini. Inaweza kabisa. Wengi wanaosoma baiolojia hapa kampasi ya Chiromo hukwama papo hapo, maana michoro ya darasani huonyesha kana kwamba kila kitu hutendeka humo.

Fuata hatua zenyewe. Maikro-RNA, RNA fupi yenye herufi kama 22 tu, hubebwa na protini ya Argonaute hadi ikutane na RNA mjumbe inayooana nayo. Argonaute huvuta protini nyingine, GW182, nayo huleta vimeng'enya vya kufupisha mkia wa herufi A ulio mwishoni mwa RNA mjumbe. Kisha kimeng'enya DCP2 huikata kofia inayolinda mwanzo wa RNA hiyo, na kingine, XRN1, huitafuna RNA kuanzia upande huohuo. Protini hizi hukusanyika kwenye P-bodi. Lakini mwaka 2007 watafiti walizivuruga P-bodi katika seli za inzi, na unyamazishaji ukaendelea. Kwa hiyo kazi huanzia nje ya P-bodi, kwenye saitoplazimu (umajimaji wa seli); mkusanyiko hufuata.

Tena, na hili ndilo linalonivutia zaidi, si kila RNA iliyomo humo imehukumiwa kufa. Katika hamira, baadhi zimeonekana zikirudi kwenye ribosomu kutengeneza protini.